Rimoti ya Babu

Babu alinipigia simu mwenyewe, jambo asilolifanya mara nyingi, na hakungoja salamu. "Rimoti yako imekufa," alisema. Nilipomwamkia akaitikia marahaba, kisha akarudia: imekufa, na jana usiku ilikuwa nzima.

Nilijua aliyeiua. Ilikuwa mwaka 2019, nikiwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeingia kwa mtandao kwenye kompyuta yake ndogo kule Morogoro, nikaisasisha, nikaizima na kuiwasha, nikaenda kulala nikijiona mjukuu mwema.

Kompyuta yenyewe ni bodi moja, ukubwa wake haumzidi mtu kadi ya benki. Niliifunga nyuma ya televisheni baada ya Babu kupata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, na kutoka kwenye kiti chake hadi kwenye televisheni palikuwa safari. Ndani yake niliweka nyimbo zake za muziki wa dansi, mechi za zamani na taarifa za habari. Nilichomeka kipokezi cha infraredi chenye miguu mitatu, kisha nikachukua rimoti ya king'amuzi kilichoungua siku nyingi. Kwa mkono wa kushoto Babu akawa anachagua anachotaka kusikiliza bila kumwita mtu. Kwa mtu aliyefanya kazi reli maisha yake yote, kuomba abadilishiwe habari kama mtoto lilikuwa jambo zito kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwa mbali niliweza kuuona mfumo, lakini sikuweza kubonyeza kitufe. Ijumaa nikapanda basi.

Jaribio la kwanza halihitaji kompyuta. Miali ya infraredi haionekani kwa macho, ila kamera nyingi za simu huiona. Niliielekeza rimoti kwenye kamera, Babu akabonyeza, na kwenye kioo cha simu tukaona taa ndogo ya zambarau ikimetameta. "Kumbe inasema," alisema Babu. Ndiyo, ilikuwa inasema. Asiyesikia alikuwa yule wa upande wa pili.

Rimoti nyingi za ving'amuzi husema kwa utaratibu wa kampuni ya NEC ya Japani. Kila ukibonyeza, taa huwaka kwa mapigo ya kilohezi 38 hivi: kwanza milisekunde 9 za mwanga, kisha milisekunde 4.5 za giza, halafu biti 32. Giza fupi ni sifuri, giza refu ni moja. Namba ya kifaa hutumwa, kisha hutumwa kinyume chake. Namba ya kitufe hutumwa, kisha kinyume chake, ili kipokezi kijue kama kimesikia vizuri. Kipokezi hakijui "sauti juu" wala "sauti chini". Kinajua tu mwanga ulidumu muda gani na giza likadumu muda gani. Kazi ya kutafsiri ni ya draiva, programu inayokaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na kuzungumza na vifaa.

Draiva niliyokuwa nimeitaja kwenye faili la mipangilio haikuwepo tena. Sasisho lilikuwa limeleta kerneli ya mfululizo wa 4.19, na humo jina lile lilikuwa limefutwa. Kazi yake ilikuwa imepewa draiva nyingine, yenye jina jingine. Nilibadilisha mstari mmoja, nikawasha upya, na faili la kifaa, /dev/lirc0, likarudi mahali pake. Nikaendesha programu ya mode2, inayoonyesha mapigo yanavyoingia, nikamwomba Babu abonyeze. Namba zikamiminika. Lakini televisheni ilikaa kimya vilevile.

Hapo nilipoteza Jumamosi nzima. Draiva mpya ilikuwa inasikia kila kitu, ila ilianza kazi ikiwa imepangiwa kuelewa RC-6, utaratibu mwingine uliotoka kwa Philips. Ilikuwa kama kumwamkia mtu kwa Kihehe naye anasubiri Kimakonde. Amri moja ya ir-keytable ya kuwasha NEC, pamoja na jedwali la vitufe nililoliandika upya kitufe kwa kitufe, ndiyo iliyomaliza kazi. Jumapili asubuhi Babu alibonyeza, na muziki ukalia.

Aliniuliza swali moja tu: "Nani aliibadilisha, na kwa nini hakutuambia?"

Sikuwa na jibu. Nililipata miaka michache baadaye, nilipoanza shahada ya uzamili ya historia. Tulifundishwa kusoma nyaraka kuanzia pembezoni: mihuri, tarehe, majina ya makarani. Siku moja nikafungua, kwa mazoea hayohayo, msimbo wa draiva mzee wa ukoo huu, ile ya vipokezi vilivyochomekwa kwenye tundu la siria la kompyuta za zamani. Juu kabisa ya faili kuna orodha ya wenye hati. Ralph Metzler, 1996 na 1997. Trent Piepho na Ben Pfaff, 1998. Christoph Bartelmus, 1999. Andrei Tanas, 2007, aliyeifundisha kulala na kuamka pamoja na kompyuta. Sean Young, 2016, aliyeihamishia kwenye mfumo mpya. Miaka 20 ya historia katika mistari michache.

Watu hawa walijenga mradi unaoitwa LIRC, na kwa zaidi ya miaka 10 draiva zake ziliishi nje ya kerneli. Uliipakua mwenyewe, ukaikusanya mwenyewe, ukaichomeka. Shida ni kwamba kerneli haikuahidi chochote kwa walio nje. Linus Torvalds ana kanuni anayoisimamia kwa ukali: badiliko la kerneli lisiharibu programu za watumiaji. Lakini viungo vya ndani, vile ambavyo draiva hushikilia, havina ahadi hiyo. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu, aliandika waraka unaoeleza kwa nini havipaswi kuwa nayo: viungo hubadilishwa vikionekana vibovu, na anayevibadilisha hutakiwa kurekebisha draiva zote zilizomo ndani. Za nje hazimhusu.

Nilipomweleza Babu haya, hakuhitaji mfano wangu. Alitoa wake. Reli ya Kati ina upana wa mita moja. TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti haifiki sentimita saba, lakini behewa la huku haliwezi kupita kule, na mzigo wote lazima ushushwe na kupakiwa upya. "Sasa fikiria," alisema, "mtu anaamka usiku anapanua reli. Mabehewa yaliyomo kwenye karakana yake anayabadilisha magurudumu. La kwako lililoko njiani je?"

Ndivyo ilivyokuwa kwa LIRC. Kila toleo jipya la kerneli lilikuwa reli iliyosogezwa, na kila mara mtu alilazimika kukesha akitia viraka. Jarod Wilson ndiye aliyebeba mzigo wa kuziingiza draiva hizo ndani. Haikuwa rahisi. Mwishoni mwa 2009 wasanidi walibishana kwa muda mrefu. Wapo waliotaka kerneli itafsiri mapigo yenyewe, ili rimoti ionekane kama kibodi ya kawaida. Wapo waliotaka kerneli ipitishe mapigo ghafi tu, na tafsiri ifanywe na programu ya nje, kwa kuwa rimoti za dunia ni nyingi na kila moja ina vituko vyake. Suluhu ikawa kufanya yote mawili. Mauro Carvalho Chehab aliongoza ujenzi wa mfumo mpya wa infraredi ndani ya kerneli, na toleo la 2.6.36, la Oktoba 2010, likatoka likiwa na watafsiri wa ndani pamoja na mlango wa LIRC kwa wanaotaka mapigo ghafi. Mwaka 2018, toleo la 4.18 likaongeza njia ya mtumiaji kupakia mtafsiri wake mwenyewe ndani ya kerneli bila kuandika draiva mpya.

Draiva ya Babu haikuwa miongoni mwa zilizoingia. Ilibebwa pembeni na watengenezaji wa kerneli ya bodi ile, wakiihamisha toleo hadi toleo, hadi siku walipoona kuwa kerneli kuu tayari ina draiva inayofanya kazi hiyohiyo. Wakaiacha ya zamani. Nikiutazama uamuzi huo kama mwanafunzi wa historia, siwezi kuulaumu: uliwapunguzia watu kazi isiyo na mwisho. Nikiutazama nikiwa nimesimama karibu na kiti cha Babu, naona mzee aliyekaa siku nne akingoja mjukuu ashuke kwenye basi. Yote mawili ni kweli. Na kosa la siku ile ni langu zaidi, kwa kusasisha usiku kifaa anachokitegemea mtu mwingine, bila kusoma kilichobadilika.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ndani ya msimbo wa kerneli kuna folda ya majedwali ya vitufe, zaidi ya 100, kila moja la rimoti fulani. Kila jedwali limo kwa sababu mtu aliyekuwa na rimoti ile mkononi alikaa akabonyeza, akaandika, akatuma. Nimeyapitia yote. Rimoti ya king'amuzi cha Babu, ambayo huku kwetu utaikuta mezani katika nyumba nyingi, haimo. Wala hakuna aliyeikataa. Hakuna aliyeipeleka.

Nyuma ya televisheni ya Babu nilibandika karatasi yenye namba ya kerneli, mstari niliobadilisha, amri ya kuwasha NEC, tarehe na jina langu. Mwaka jana binamu yangu wa kidato cha pili aliitumia kurekebisha tatizo jingine, akaongeza mstari wake na jina lake chini ya langu. Babu aliniita akanionyesha kwa fahari.

Kisha akauliza kuhusu lile jedwali la vitufe. "Umewapelekea wale wenye reli?"

Nikamwambia bado.

"Basi nenda kapeleke," alisema, akaongeza sauti kwa mkono wa kushoto.