Afu, Yasmini na Rehani: Majina ya Maua ya Uani

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha ushairi sekondari, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sijalisahau. Tulikuwa tukisoma shairi la mapenzi lenye neno afu. Nikaeleza, kama nilivyoelezwa chuoni, kwamba afu ni aina ya ua linalonukia. Akauliza: "Mwalimu, lina rangi gani?" Sikuwa na jibu. Mimi ni mzaliwa wa bara; neno nililijua, ua lenyewe sikuwahi kuliona.

Likizo iliyofuata nilikwenda Unguja. Bibi mmoja, jirani wa wenyeji wangu, alinionyesha: afu ni ua dogo, jeupe, ndugu wa yasmini. Mwafu hujiotea porini. Myasmini hupandwa uani. Alikuwa akitunga kikuba cha yasmini, langilangi na majani ya mrehani, pambo ambalo wanawake hulivaa kifuani au nyweleni. Nilipoanza kuyadadisi majina hayo, niligundua kwamba kikuba kimoja hubeba historia ya Bahari ya Hindi.

Yasmini, ambayo wengine huiita asumini, ni neno la Kiajemi lililotufikia kupitia Kiarabu. Waridi ni la Kiarabu. Langilangi limetoka mbali zaidi: asili yake ni ilang-ilang ya Kitagalog, lugha ya Ufilipino, na mti wenyewe ni wa Asia ya Kusini-Mashariki. Jirani zetu wa Komoro hukamua mafuta yake kwa ajili ya manukato. Wageni hao wote walipowasili, Kiswahili kiliwavika ngeli: mti ukawa mlangilangi, ua likawa langilangi, mwaridi na waridi, myasmini na yasmini, sawasawa na mwafu na afu.

Rehani ina kisa chake. Kiarabu kina rayhan, mmea wenye harufu nzuri, na kina rahn, dhamana ya deni. Ni maneno ya mizizi tofauti, na hata h zake ni herufi mbili mbalimbali. Katika Kiswahili yamekutana, yote mawili yakawa rehani. Malenga anayelijua hilo akisema moyo wake umo rehani, msikilizaji husikia deni na kunusa harufu kwa pamoja. Asiyeujua mrehani husikia deni tu.

Hapo ndipo penye hasara yetu. Katika mashairi mengi ya vijana ninayoyasoma sasa, kila mpenzi ni waridi. Waridi halina kosa, lakini afu, kilua na mkadi yanazidi kubaki kamusini. Nasi walimu tulichangia, kila tulipotosheka kusema "aina ya ua" na kuendelea na beti inayofuata. Ndugu watunzi, kabla hamjaandika, waulizeni bibi na shangazi zenu: ua hili linaitwaje, huota wapi, huvaliwa lini?

Muhula ulipofunguliwa, nilimpelekea mwanafunzi yule ua la afu nililolihifadhi ndani ya kitabu. Lilikuwa limekauka na kugeuka kahawia. Ilinibidi nimweleze kwamba lilipochumwa lilikuwa jeupe.