Ahadi ni Deni: The Clash na Mashabiki Wasiosahau

Nenda kwa kinyozi yeyote Dar es Salaam umwambie "ninyoe panki," atakuelewa hapo hapo: pembeni anasafisha, katikati anaacha mstari wa nywele. Kwa Waswahili wengi panki ni hiyo tu, mtindo wa kichwani. Nywele zilisafiri, muziki wenyewe haukufika. Kwa hiyo tulipotangaza kwenye podikasti kwamba tutazungumzia bendi ya panki ya London, meseji nyingi zilikuja na swali moja: jamani, hao wazungu wenye gitaa wanatuhusu nini sisi?

Swali zuri. Jibu langu ni refu kidogo, kaa nami.

Nataka kuandika kuhusu mashabiki wa The Clash. Kuna watu walioipenda bendi hii mwaka 1977 wakiwa vijana wa shule, na leo wana mvi, magoti yanauma, wajukuu wanawacheka, na bado wanaipenda. Wala si kwa sababu ya sauti tu. Waswahili tunasema ahadi ni deni. The Clash walitoa ahadi nyingi sana, na shabiki wao wa kweli ni yule aliyeweka daftari: hili mmelipa, hili bado.

Kabla ya gitaa kulikuwa na pasipoti

Ili uielewe bendi, anza na Uingereza yenyewe ya wakati ule. Na hapo ndipo kwetu kunapoingia.

Mwaka 1968, Waasia wengi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walikuwa wakihamia huko. Bunge la London likapitisha sheria ya kuwazuia, tena haraka haraka, ndani ya siku chache. Tarehe 20 Aprili mwaka huohuo, mwanasiasa Enoch Powell akatoa hotuba yake ya Birmingham dhidi ya wahamiaji, hotuba ambayo wazee wetu waliokuwapo bado wanaikumbuka kwa uchungu. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kama watu 28,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilifikia hatua ya kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije kwao.

Chama cha National Front kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1967, na kilinenepa kwa hofu hiyo. Sasa fikiria: hao "wageni" waliopigiwa kelele barabarani, wengi wao walikuwa wakizungumza Kiswahili dukani na sokoni kila siku. Walikuwa majirani wa bibi zetu.

Halafu ikaja Agosti 1976. Tarehe 5, Eric Clapton, mpiga gitaa aliyetajirika kwa muziki wa watu weusi, alisimama jukwaani Birmingham akamsifu Powell na kutaka wageni waondoke. Tarehe 20, Jayaben Desai, mama wa Kigujarati aliyewahi kuishi Tanzania, alitoka nje ya kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini-magharibi mwa London, na kuanzisha mgomo uliodumu karibu miaka 2. Wengi wa waliogoma naye walikuwa wanawake wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki. Tarehe 30, kwenye kanivali ya Notting Hill, vijana weusi na polisi walipambana hadi usiku.

Mwezi mmoja, nchi moja. Kwenye vurugu za Notting Hill walikuwapo vijana wawili wa bendi mpya iliyokuwa na wiki chache tu tangu ipande jukwaani kwa mara ya kwanza: Joe Strummer na Paul Simonon.

Wimbo ulioeleweka vibaya

Strummer, jina lake halisi John Mellor, alizaliwa Ankara, Uturuki, mwaka 1952. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia wa Uingereza, mzaliwa wa India. Simonon alikulia kwenye mitaa yenye Wajamaika wengi na kuinukia kwenye rege. Mick Jones, mpiga gitaa, alilelewa na bibi yake. Nicky "Topper" Headon, mpiga ngoma, alijiunga mwaka 1977.

Wimbo wao wa kwanza kutoka kwenye sahani, Machi 1977, uliitwa "White Riot". Strummer alikuwa anasema hivi: vijana weusi wamesimama kupinga wanavyoonewa, vijana weupe nao wako wapi? Lakini jina lenyewe lilikuwa baya kwa kazi hiyo. Wapo waliodhani ni wito wa wabaguzi, na wapo wabaguzi waliodhani hivyohivyo wakaja kwenye maonyesho kwa furaha. Hilo likawa deni la kwanza: mmesema mko upande gani? Haya, onyesheni.

Hapa inabidi nimtaje Don Letts. Alizaliwa London mwaka 1956, wazazi wake Wajamaika, yaani kizazi cha pili kama sisi. Klabu ya Roxy ilipofunguliwa kwa ajili ya panki, yeye ndiye aliyekuwa akipiga santuri. Sahani za panki zilikuwa bado chache mno, basi akawa anawapigia rege. Wakazipenda. Ndiyo maana kwenye albamu ya kwanza ya The Clash, ya Aprili 1977, unakuta wimbo wa Mjamaika Junior Murvin, na ndiyo maana Lee "Scratch" Perry alishiriki kutengeneza wimbo wao mwingine mwaka huohuo. Letts baadaye akawa mtengeneza filamu wao, na filamu yake kuhusu bendi hii ilimpa tuzo ya Grammy. Kijana wa wahamiaji ndiye aliyetunza kumbukumbu ya bendi ya "wazungu".

Victoria Park, 30 Aprili 1978

Maneno ya Clapton yalizaa kitu asichokitarajia. Watu waliandika barua ya hasira kwenye magazeti ya muziki, na kutoka kwenye barua hiyo ikazaliwa harakati ya Rock Against Racism. Tarehe 30 Aprili 1978 makumi ya maelfu ya watu waliandamana kwa miguu kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, mashariki mwa London, eneo ambalo National Front walilihesabu kuwa lao.

Jukwaani walikuwapo X-Ray Spex, wakiongozwa na Poly Styrene, binti wa miaka 20 ambaye baba yake alikuwa Msomali. Mara ngapi umeambiwa panki ni ya wazungu? Mmoja wa waimbaji wake wakubwa alikuwa na damu ya pembe ya Afrika, akiimba na waya mdomoni kwa ajili ya meno. Walikuwapo Steel Pulse, bendi ya rege ya vijana wa Birmingham. Na walikuwapo The Clash.

Kwenye umati alikuwapo kijana mmoja wa Barking, Billy Bragg, ambaye baadaye alikuja kuwa mwimbaji maarufu. Amesimulia mara nyingi kwamba alienda kwa ajili ya The Clash tu. Kazini kwake watu walikuwa wakitoa maneno ya kibaguzi, naye ananyamaza. Siku ile alipoona wingi wa watu waliomzunguka, akajua hayuko peke yake, na kwamba kunyamaza hakufai tena. Naye husisitiza jambo moja: si bendi iliyombadilisha, ni kusimama kwenye umati ule. Bendi ilimfikisha pale tu.

Lakini tusipake sukari. Siku 4 baadaye, tarehe 4 Mei, Altab Ali, kijana wa Kibangladeshi aliyekuwa fundi wa nguo, aliuawa kwa kisu Whitechapel, si mbali na pale. Muziki hauzuii kisu. Uliweza kufanya jambo dogo zaidi: kuwafanya vijana wengi weupe waone aibu kusimama upande wa wenye visu. Ukiniuliza mimi, hilo dogo si dogo.

Daftari la bei

Ahadi nyingine ilikuwa ya pesa. Januari 1977 bendi ilisaini na kampuni kubwa ya CBS kwa pauni 100,000, na mhariri wa kijarida kimoja cha panki akasema siku hiyo ndiyo panki ilipokufa. Mashabiki wakakaa kusubiri waone.

Wakaona. Albamu ya *London Calling*, Desemba 1979, ilikuwa na sahani mbili kwa bei ya moja. *Sandinista!*, Desemba 1980, ilikuwa na sahani tatu na nyimbo 36 kwa bei ya chini, na ili kampuni ikubali, bendi iliacha malipo yake kwenye nakala 200,000 za mwanzo zilizouzwa Uingereza. Wakiwa safarini, walizoea kuwaingiza mashabiki bure kupitia mlango wa nyuma, hata kuwaacha walale sakafuni kwenye vyumba vyao vya hoteli.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha New York, mwaka 1981. Walipanga maonyesho 8 kwenye ukumbi wa Bond's, Times Square. Wenye ukumbi wakauza tiketi kupita kiasi, mamlaka za mji zikaingilia na kupunguza idadi ya watu. The Clash wangeweza kusema poleni, rudishiwa pesa zako. Badala yake walipiga maonyesho 17, ili kila mwenye tiketi aingie. Tiketi ni ahadi.

Na mashabiki je? Kwenye maonyesho hayohayo Grandmaster Flash, kijana mweusi wa Bronx, alialikwa afungue jukwaa, na umati ukamzomea na kumtupia vitu. Bendi ikawakaripia. Kwa hiyo daftari lina kurasa mbili, ndugu zangu. Shabiki naye ana deni.

Yaliyovunjika

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1982 walimfukuza Topper kwa sababu ya dawa za kulevya. Mwaka 1983 walipiga kwenye tamasha moja California kwa malipo ya dola 500,000, na miezi michache baadaye wakamfukuza Mick Jones, mtu aliyeianzisha bendi. Wakatoa albamu moja zaidi mwaka 1985, ambayo hata shabiki sugu huiruka. Mwaka 1986 ikawa basi.

Mwaka 1991 ukawa wa kebehi kabisa. Wimbo wao wa zamani ulitumika kwenye tangazo la jinzi za Levi's, ukapanda hadi namba 1 Uingereza, namba 1 yao ya pekee. Mwaka huohuo, kwenye vita vya Ghuba, redio ya jeshi la Marekani ikawa inapiga "Rock the Casbah". Wimbo unaomcheka mtawala anayepiga marufuku muziki ukageuzwa ala ya vita. Nyinyi mnaotusoma kutoka Muscat, Dubai na Kuwait mtalielewa hilo bila mimi kuongeza neno.

Ami yangu, aliyeletwa Uingereza kutoka Unguja akiwa mtoto, ni shabiki wa The Clash mpaka leo. Nyumbani kulikuwa na kanda za taarab, naye anafungia hizo "kelele za wazungu" chumbani, bibi anasoma dua. Niliwahi kumuuliza: Ami, tangazo la jinzi lile hukuona kama wamekusaliti? Akasema, "Mwanangu, mimi ni Simba toka nazaliwa. Simba akifungwa nahamia Yanga?" Kisha akaongeza: "Ila akicheza vibaya nitamwambia. Hiyo ndiyo kazi ya shabiki."

Naona Ami hakutoka mbali na taarab hata kidogo. Kwenye taarab mtu hainuki kutuza kwa sababu sauti ni tamu tu. Anainuka kwa sababu maneno yamemgusa, na akitoa noti yake mbele za watu, anasema: neno hili nimelisikia, ni langu, na nyote mmeona. Ami alituza The Clash kwa miaka 40 na zaidi.

Lililolipwa mwishoni

Tarehe 15 Novemba 2002, Strummer na bendi yake mpya walipiga bure kwenye ukumbi wa Acton, London, kuchangia wazima moto waliokuwa kwenye mgomo. Mick Jones alikuwa kwenye umati. Katikati ya onyesho akapanda jukwaani, akachukua gitaa. Hawakuwa wamepiga pamoja mbele ya watu tangu mwaka 1983. Wiki 5 baadaye, tarehe 22 Desemba, Strummer alifariki ghafla kwa tatizo la moyo alilozaliwa nalo. Alikuwa na miaka 50.

Mara yao ya mwisho pamoja ilikuwa hiyo: ukumbi wa mtaa, kwa ajili ya wafanyakazi waliogoma, bila hata senti. Kwenye daftari la mashabiki, ukurasa huo una alama ya kulipwa.

Mwaka 2007, M.I.A., binti wa Kitamil aliyerudi London akiwa mtoto mkimbizi, alichukua mlio wa "Straight to Hell", wimbo wa The Clash kuhusu wahamiaji na watoto wasiotakiwa, akautumia kwenye "Paper Planes", dunia nzima ikacheza. Hakuomba ruhusa ya kujiona anahusika. Alijua wimbo ule unamzungumzia.

Basi tukirudi kwenye swali lenu, linatuhusu nini. Sisi tuliokulia huku tumechoka kuambiwa kipi chetu na kipi si chetu. Nyumbani taarab, mtaani kitu kingine, na kila mmoja anakutaka uchague. Mashabiki hawa wamenifunza kwamba kitu kinakuwa chako ukikipenda kwa muda mrefu, ukikijua historia yake, na ukiwa na ujasiri wa kukidai kinapokosea. Hiyo ni haki ya shabiki. Ni haki ya raia pia.

Tuandikieni: ni bendi gani nyumbani mlikatazwa, na bado mnaisikiliza? Na inawadai nini, au nyinyi mnaidai nini?