SUMNI YA BIBI



Mwaka 1974, nikiwa kidato cha kwanza, nilirudi likizo nyumbani Turiani na majivuno ya msomi mpya. Bibi yangu alikuwa akiuza ndizi kando ya barabara, kila fungu sumni, yaani senti 50. Mbele ya wateja nikamwambia, "Bibi, unakosea. Sumni ni thumuni, neno la Kiarabu, maana yake sehemu moja ya nane. Senti 50 ni nusu ya shilingi. Hiyo nane imetoka wapi?" Wateja wakacheka. Bibi akajibu, "Mimi nimeikuta, mjukuu wangu. Waulize walioiweka." Akaendelea kupanga ndizi zake.

Sikuuliza. Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu wa hesabu.

Zamani fedha kubwa ya biashara pwani yetu ilikuwa riale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780. Thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya riale hiyo. Ilipoenea rupia ya Kihindi, riale 1 ilihesabiwa kuwa rupia 2 na kidogo. Tukiacha hicho kidogo, thumuni ni 1/8 × 2 = 2/8. Rahisisha: 1/4. Basi thumuni ikawa robo ya rupia.

Wakaja Wajerumani. Rupia yao kwanza ilikuwa na pesa 64, hivyo robo yake ni 16/64. Mwaka 1904 wakaigawa rupia katika heller 100, robo ikawa 25/100. Gawanya kiasi na asili kwa 16 katika ya kwanza, na kwa 25 katika ya pili. Zote mbili ni 1/4. Tarakimu zilibadilika, thamani ilibaki palepale.

Baada ya vita, Waingereza waliweka florini mahali pa rupia mwaka 1920, na mwaka 1921 ikaja shilingi, 2 kwa kila florini. Robo ya rupia ikawa 1/4 × 2 = 2/4, yaani nusu shilingi. Hiyo ndiyo senti 50! Tanzania ilipotoa shilingi yake mwaka 1966, senti 50 yenye picha ya sungura ikarithi jina lile lile.

Kumbe Bibi hakukosea. Aliyekosea ni mimi: nilichukua sehemu ya riale nikailinganisha na sehemu ya shilingi bila kubadili kwanza. Kosa hilo hilo nimelitia kalamu nyekundu katika madaftari ya watoto wa watu kwa miaka mingi.

Na kugawanya je? Wanafunzi wengi hawaamini kwamba ukigawanya unaweza kupata jibu kubwa kuliko ulichoanza nacho. Mteja akija kwa Bibi na shilingi 3 na nusu, apewe mafungu mangapi? Geuza 3½ iwe sehemu guni, 7/2. Kisha pindua kigawanyo: 7/2 ÷ 1/2 = 7/2 × 2/1 = 14/2 = 7. Hakuna kilichoongezeka. Tumeuliza tu sumni ngapi zimo ndani ya fedha ile. Bibi, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa amekwisha hesabu mafungu 7 kabla mteja hajafungua kikapu.

Vijana, mkiiona sehemu ubaoni msiiogope, wala msikimbilie kanuni. Ulizeni kwanza: ni sehemu ya nini? Wazee waliotunga Kiswahili cha hesabu waliiita namba ya chini asili, na mimi naona walijua walichokuwa wakifanya. Asiyejua asili hawezi kulinganisha.

Nilipolipata jibu hili, Bibi alikuwa amekwisha fariki. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi mbele ya wateja wake. Namwomba hapa, mbele yenu.