Kivuli cha Juni, Kivuli cha Desemba

Nilijifunza kuchora ramani za majengo mjini Musoma enzi za kalamu ya wino. Nakala tulizitoa kwa mashine ya amonia, na harufu yake ilikwangua koo. Kabla yetu zilikuwepo nakala za bluu, zilizotokana na ugunduzi wa John Herschel wa mwaka 1842: karatasi iliyopakwa chumvi za chuma huwekwa juani chini ya mchoro, kisha huoshwa kwa maji. Palipopigwa na jua hugeuka bluu. Palipozibwa na mstari hubaki peupe. Jua likizidi, mistari myembamba hupotea.

Vivuli tulivichora kwa kanuni ya Ulaya: mwanga kutoka juu kushoto, nyuzi 45. Inaonyesha vizuri kina cha baraza na dirisha, lakini jua la Musoma halifuati kanuni hiyo. Mji uko nyuzi 1.5 tu kusini mwa ikweta. Juni, jua la saa sita mchana huegemea kaskazini na kuchoma kuta zinazotazama Ghuba ya Mara. Desemba huhamia kusini, kuta hizohizo zikaingia kivulini.

Siku hizi kompyuta huchora hoteli za ufukweni wakati wa machweo, ziwa likiwa dhahabu. Zinapendeza, nakiri. Lakini jua hilohilo la magharibi hupita chini ya paa la baraza, na maji huliongezea makali. Wewe unayejenga ufukweni, iwe Makoko au Guta kule Bunda, mdai mchoraji wako picha tatu: ya Juni, ya Desemba na ya saa kumi na moja jioni.