Jenerali Cedillo na wakulima wake wenye bunduki

Mei 18, 1938, miezi miwili kamili baada ya kutaifisha mafuta ya makampuni ya kigeni, Rais Lázaro Cárdenas wa Meksiko aliingia San Luis Potosí, ngome ya mtu aliyekuwa akijiandaa kumpindua. Akiwa hapo hapo, alimtaka Jenerali Saturnino Cedillo asalimishe silaha.

Cedillo hakusomea vita popote. Alizaliwa mwaka 1890 hivi, na kwao kulikuwa Palomas, karibu na Ciudad del Maíz, nchi kavu ambako watu waliparua nyuzi za lechuguilla, mmea wa jamaa moja na mkonge wetu wa Tanga (nao mkonge asili yake ni huko huko Meksiko). Mwaka 1912 yeye na kaka zake, Magdaleno na Cleofas, walishika bunduki katika Mapinduzi ya Meksiko. Kufikia 1917 wote wawili walikwisha kuuawa, akabaki yeye akipigana porini hadi serikali ya Rais Carranza ilipoanguka mwaka 1920.

Washindi wapya walimpokea, na hapo ndipo ujanja wake ulipoonekana. Wapiganaji wake hawakurudi makwao mikono mitupu. Aliwapatia ardhi katika makoloni ya kijeshi: wakalima, wakaoa, wakafuga, na bunduki zao wakabaki nazo. Akiwaita, wanakuja. Mwaka 1929 aliwaongoza kwa maelfu kwenda kuwapiga Wakristero, Wakatoliki walioasi serikali. Ajabu ni kwamba jimboni kwake mapadri waliendelea kusali misa bila bughudha kubwa. Jenerali hakuwa mtu wa itikadi. Alichojali ni nani anamtii nani.

Alikuwa gavana wa jimbo la San Luis Potosí kuanzia 1927 hadi 1931. Baada ya hapo wengine walikalia kiti, lakini mwenye shida alijua pa kwenda: Palomas.

Cárdenas alimfanya waziri wa kilimo mwaka 1935. Mwaka 1937 wanafunzi wa chuo cha kilimo cha Chapingo waligoma, rais akawaunga mkono, waziri akajiuzulu kwa hasira na kurudi kwao.

Alipoasi, aliita kama zamani. Safari hii waliokuja walikuwa wachache. Wengi walikuwa na mashamba ya kupoteza, na rais mwenyewe alikuwa pale jimboni akigawa ardhi zaidi. Mtu aliyepigania shamba akalipata, aliache kwa ajili ya ugomvi wa wakubwa? Cedillo alitangatanga milimani kwa miezi kadhaa, hadi wanajeshi wa serikali walipomuua Januari 1939.