Siri ya Jani Bichi

Wenyeji wa Yemeni, Uhabeshi na Meru walijua tangu kale kwamba mirungi hutafunwa ingali mibichi. Ikikauka hupoteza thamani. Elimu ya maabara ilichelewa kulisadiki neno hilo. Peter Forsskål, aliyefia Yemeni mwaka 1763, aliueleza mti huo, na mwenzake Niebuhr akayachapisha maandishi yake mwaka 1775. Mwaka 1930 ilitambulikana ndani ya jani dawa iitwayo kathini, lakini nguvu zake zilikuwa haba kuliko uchangamfu wa watafunaji. Mengi ya majani yaliyochunguzwa yalikuwa makavu.

Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilichunguza majani mabichi, na kathinoni ikaonekana. Hiyo ndiyo yenye nguvu, nayo hugeuka kuwa kathini jani linyaukapo.

Mate huiyeyusha, na ngozi laini ya mashavu huipitisha katika damu. Ifikapo ubongoni huichochea dopamini: njaa na usingizi hukimbia, moyo hupiga mbio. Kisha ini huigeuza kuwa kitu dhaifu, na figo hukitoa kwa mkojo. Raha ikenda, unyonge hubaki.

Basi mkulima wa Meru, afungaye vitita kwa majani ya mgomba na kuviharakisha sokoni, alikuwa mkweli kabla ya maabara. Lakini ukweli haukumwokoa. Kathinoni ilitiwa katika sheria za mataifa, na mwaka 2014 Uingereza iliyapiga marufuku majani yenyewe. Aliyeijua siri kwanza ndiye aliyelipa gharama yake.