Gemu ya risasi za kujifyatua

Gemu ya kompyuta au simu ambamo silaha hufyatuka zenyewe, na mchezaji kazi yake ni kukwepa tu. Maadui huja kwa makundi. Kila anayekufa huacha kito. Vito alivyookota mchezaji vikitosha, mchezo husimama naye huchagua nguvu mpya kati ya chache alizowekewa kwa bahati nasibu. Utamu wote uko hapo. Mchezaji akifa anaanza upya, desturi iliyorithiwa kutoka gemu ya Rogue ya mwaka 1980.

Aina hii ilishika kasi na Vampire Survivors ya Luca Galante, Mwitaliano aliyeiweka kwenye kivinjari mwaka 2021 ikiwa na michoro ya kizamani. Mwaka 2023 ilipata tuzo ya BAFTA ya gemu bora. Waigaji ni wengi, na baadhi hupachika vichekesho vya mtandaoni mahali pa mazimwi: unamkimbia mbwa Doge badala ya popo.

Kwa kijana wa Ujiji au Mwanga, Kigoma, mwenye bando la siku, gemu ya kivinjari ina nafuu: haisakinishwi wala haijazi simu. Kidole gumba kimoja kinatosha, ingawa simu ya bei ndogo hukwama maadui wanapojaa kiooni.